Kwa nini upake mafuta meli unayotaka kuizamisha?

KALEMIE. Tangu nilipougusia redioni, kwa maneno mawili matatu, ule mchezo wa maulizo unaochezwa jioni kati ya familia zilizokimbia vita, simu yangu haijapumzika. Wengine wanataka sheria zake. Wengine wanauliza kama kuna shirika linalogawa sabuni kwa washindi. Hapana, hakuna sabuni. Mama mmoja wa ng'ambo ya mto Lukuga alitaka kujua kama si mchezo wa kubahatisha, maana kanisani kwao kamari imekatazwa. Nilimjibu: mama, hapa hakuna anayeweka franka chini, wanaweka maulizo tu.

Basi leo nieleze kwa urefu, pia kwa ajili ya ndugu walioko kwenye kambi za mbali ambao hawatupati vizuri hewani.

Mtu mmoja anashika siri. Siri yenyewe lazima iwe jambo lililotokea kweli, zamani, na mwenye siri awe analijua mpaka mwisho wake. Anatoa kipande kimoja tu, kile kinachoshangaza. Wengine wanauliza, na yeye haruhusiwi kujibu kitu kingine zaidi ya maneno matatu: ndiyo, hapana, haihusu. Hilo la tatu lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Ukiuliza kama nahodha wa meli alikuwa na ndevu, ukajibiwa «haihusu», umeokolewa: usipoteze nguvu huko, rudi njiani.

Si kitendawili. Kitendawili ama ulikisikia kwa bibi yako ama hukukisikia, na usipokijua umeshindwa. Hapa hata yule ambaye hakukanyaga darasa anaweza kufika, akiuliza vizuri. Nimeona mvuvi asiyejua kusoma akiwapita vijana wenye diploma ya serikali, mbele ya wake zao.

Aliyeuleta ni mwalimu wa historia aliyefika na familia yake kutoka upande wa Fizi. Ameomba nisitaje jina lake. Wote wanamwita Baba Mwalimu. Mchana anasukuma makala kwenye kinga ambayo si yake, jioni anakaa juu ya kidumu cha maji kilichogeuzwa, na watoto wanajaa. Hakuna taa. Yeye anasema taa haihitajiki, giza halimzuii mtu kuuliza. Mwanzoni walikuwa watoto peke yao, wale ambao shule imewapita mwaka huu. Siku hizi wazazi wanatangulia kufika na watoto wanatafuta nafasi nyuma.

Jioni ya kwanza niliyokaa mimi, siri ilikuwa hii. Kuna meli kubwa. Wenyewe wanaizamisha kwa mikono yao. Lakini kabla ya kuizamisha wanapaka injini yake mafuta mazito, kipande kwa kipande, kwa uangalifu wa mama anayempaka mtoto mchanga. Kwa nini?

Maulizo yalianza kama mvua ya mawe. Ilikuwa kwenye ziwa letu? Ndiyo. Ilikuwa ya Wabelgiji? Hapana. Ilikuwa imeharibika? Hapana. Mafuta yalikuwa ya kuiwasha moto? Hapana. Kulikuwa na dhahabu ndani? Hapana. (Daima kuna mtu wa dhahabu.) Ilikuwa wakati wa vita? Ndiyo. Vita vya Mulele? Hapana. Vya Wazungu kwa Wazungu? Ndiyo. Hapo kijana mmoja akauliza kwa sauti ndogo: waliokuwa nayo, walikuwa wanakimbia?

Ndiyo.

Watu walinyamaza kidogo. Halafu mama mmoja, ambaye hakuwa amesema kitu tangu mwanzo, akauliza swali lililofunga mambo yote: walifikiri watarudi?

Ndiyo, akasema Baba Mwalimu.

Yule mama hakungoja maelezo. Alisema: «Mimi nilikuwa na mashini ya kushona. Usiku ule tulipotoka nilijua siwezi kuibeba. Nikaipaka mawese kila mahali, nikaifunga kwa plastiki, mume wangu akachimba shimo nyuma ya jiko. Hiyo meli walifanya hivyo hivyo.»

Ndivyo ilivyokuwa. Meli ile iliitwa Graf von Götzen. Ilijengwa mwaka 1913 mjini Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa ndani ya makasha karibu 5,000. Makasha yalivuka bahari mpaka Dar es Salaam, yakapanda reli mpaka Kigoma, na pale mafundi waliotoka nayo Ujerumani wakaiunga upya. Iliingia majini mwezi wa pili mwaka 1915, urefu wake ukipita mita 70. Kwa muda ilikuwa mfalme wa ziwa. Upande huu wetu watu walikuwa wanautazama moshi wake kwa wasiwasi. Lakini mwaka 1916 Wabelgiji walisonga mbele na askari wengi wa Congo, na ndege zao zinazotua majini zilikuwa zinaruka kutoka karibu na hapa kwenda kutupa mabomu Kigoma. Mzinga mkubwa wa meli ulikuwa umeshahamishwa kwenda kupigana kwingine, mahali pake pakawekwa wa mbao, wa kuonyesha tu. Tarehe 26 mwezi wa saba 1916 Wajerumani waliijaza mchanga, wakaizamisha karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani. Mafundi walikuwa wamekwisha kupaka mafuta.

Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na walipofungua injini wakakuta bado ni nzima. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, Liemba.

Kwa jina hilo watu wazima waliokaa pale waliruka. Liemba! Kumbe ni ile? Mzee mmoja wa Uvira aliweka mkono kichwani. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, liliikodi meli hiyo kuwarudisha watu wa kwetu kutoka Kigoma mpaka Uvira. Makumi ya maelfu walirudi nayo, safari kwa safari. Mzee alikuwa mmoja wao, na mke wake, na watoto watatu, na mbuzi ambaye hakuandikwa kwenye orodha. Alikaa sitaha usiku wote bila kujua kwamba meli ile iliyombeba ilikuwa imelala kwa miaka ndani ya maji haya haya.

Mtoto mmoja akamuuliza, kwa kufuata sheria: babu, ilikuwa na harufu ya mafuta? Mzee akajibu: ndiyo.

Sitaki kusema uongo kwamba jioni zote ni kama ile. Kuna siri zinazochosha. Baba Mwalimu anapenda mno wafalme wa Ulaya, na siku alipoleta mambo ya Leopold na mkutano wa Berlin nusu ya watu walikwenda kulala. Kwa maoni yangu siri nzuri ina kitu kinachoshikika kwa mkono: mafuta, kamba, mzinga wa mbao. Mkataba hauna harufu.

Lakini naomba niseme kidogo juu ya namna ya kuuliza, maana ndiyo wengi wanapigia simu. Mchezaji mkubwa kati yao ni msichana wa miaka kama 14. Nilimtazama kwa siku kadhaa nijue anafanyaje. Hakimbilii jibu. Wengine wanauliza «ni Lumumba?», «ni Mobutu?», «ni Stanley?», kama mtu anayejaribu funguo zote za mtaa kwenye kufuli moja. Yeye anauliza kwanza: mtu huyo alikuwa Mwafrika? Alikufa kabla bibi yangu hajazaliwa? Alijulikana kwa vita? Kila swali linatupa nusu ya dunia nje. Baba Mwalimu aliwaonyesha kwa maharage. Chukua maharage 1,000, yagawe mafungu mawili, tupa fungu moja. Gawa tena, tupa tena. Mara ya kumi umebaki na punje moja mkononi. Maulizo 20 yaliyogawa sawasawa yanatosha kuchagua kitu kimoja kati ya vitu zaidi ya milioni 1. Mama waliokuwepo walilalamika tu kwamba maharage yasitupwe kweli.

Siri iliyowachukua muda mrefu kuliko zote, jioni tatu nzima, ilihusu mto. Baba Mwalimu alisema hivi: Wazungu wawili wanafika Uvira kutafuta jibu la swali moja la ndiyo au hapana. Wanaambiwa jibu la kweli siku ile ile. Lakini inapita miaka 13 kabla Wazungu hawajakubali. Kwa nini?

Watu wa Uvira walidhani wataimaliza upesi, na hawakuimaliza. Swali lilikuwa juu ya Ruzizi: je, Ruzizi inatoka ziwani? Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walikuwa wanatafuta chanzo cha Nile, na kama kuna mto unaotoka ziwani kwenda kaskazini, basi labda ndio Nile. Kabla ya kufika Uvira, Speke alikuwa amezungumza na mfanyabiashara Mwarabu juu ya mto huo, akaelewa kwamba unatoka. Sasa angalia maneno yalivyosafiri. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alikuwa na mkalimani, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akaishi India, akajua Kihindustani. Neno lilitoka kwa Mwarabu, likapita kwa Bombay, likaingia kwa Speke, na njiani mto ukageuka. Baadaye Bombay mwenyewe alisema Mwarabu alikuwa amesema unaingia.

Uvira, watoto watatu wa mtemi walikuja wakaeleza: mto unaingia ziwani. Wote waliokuwepo wakasema vivyo hivyo. Ni nani angejua kuliko wao? Walikuwa wanaoga pale. Lakini wapiga kasia walikataa kuendelea kaskazini kwa kuogopa watu wa mbele, Burton na Speke hawakuuona mdomo wa mto kwa macho yao, na huko Ulaya ubishi uliendelea. Burton mwenyewe, baada ya kugombana na Speke, alianza kusema labda unatoka. Ni mwezi wa 11 mwaka 1871 tu, Livingstone na Stanley walipopanda mtumbwi kutoka Ujiji mpaka kule, wakaona maji yanavyokwenda. Yanaingia.

Msichana wangu wa miaka 14 aliifungua jioni ya tatu kwa maulizo mawili mfululizo. Waliowaambia walikuwa watu wa pale pale? Ndiyo. Hawakuaminiwa kwa sababu walikuwa watu wa pale pale? Baba Mwalimu alikaa muda kabla ya kujibu. Alisema: nusu ndiyo. Watu walipiga kelele, maana nusu ndiyo haimo kwenye sheria.

Ndipo mvuvi mmoja wa hapa Kalemie akauliza swali la heshima ya mji: kama Ruzizi inaingia, maji yanatokea wapi? Hapa kwetu, bila shaka, kwa Lukuga. Kila mtoto wa Kalemie anajua. Baba Mwalimu alicheka akasema, hata hilo lilileta ugomvi. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alifika akasema Lukuga inatoka ziwani. Mwaka 1876 Stanley alipita akaona mdomo umezibwa na mchanga na matete, akasema maji hayatoki bado. Mwaka 1879 Hore wa misheni ya London akakuta maji yanakwenda kwa nguvu kuelekea Lualaba, maana ziwa lilikuwa limejaa likavunja kile kizibo. Nani alisema kweli? Waliotembea mwaka 2020 na miaka iliyofuata kando ya ziwa hili, wakaona nyumba zinaingia maji na barabara inapotea, hawakushangaa. Ziwa lina mwendo wake. Swali moja, mto mmoja, majibu mawili, na yote ya kweli kwa tarehe yake.

Tangu siku hiyo waliongeza neno la nne kwenye mchezo: «bado haijulikani». Mwenye siri analitumia pale ambapo wenye elimu wenyewe hawajakubaliana. Kuna waliopinga, wakisema litawapa wavivu mahali pa kujificha. Mimi naliunga mkono, na sababu yangu si ya mchezo.

Walipita vijana wa kuandikisha familia, na karatasi zao za visanduku. Sitasema ni wa shirika gani. Walikuwa na haraka, jua lilikuwa kali, na maulizo yao yote yalikuwa ya ndiyo au hapana. Una watoto chini ya miaka mitano? Unalala chini ya turubai? Una mume? Yule mama wa mashini ya kushona alifika kwenye swali hilo akasimama. Mume wake, yule aliyechimba shimo nyuma ya jiko, alirudi nyuma siku ya pili ya safari kumtafuta mama yake mzazi. Hajaonekana tangu hapo. Akisema hapana, anaandikwa mjane, na mdomo wake mwenyewe umemzika mtu ambaye labda anatembea. Akisema ndiyo, wataomba mume aje na kitambulisho siku ya jetoni, na asipokuja watasema amedanganya. Wanawake waliokuwa nyuma yake kwenye mstari walimnong'oneza: sema hapana, mama, wajane wanapata kwanza. Waliomtakia mema ndio hao.

Alisema: «Andika, bado haijulikani.»

Kijana akasema hicho kisanduku hakimo. Mama akasema: basi kichore. Kijana alimtazama, akatazama mstari uliokuwa mrefu, halafu akachora kwa kalamu yake pembeni ya karatasi na kuandika maneno hayo. Nilikuwepo, nimeona. Nyuma yake wanawake wanne walitaja neno hilo hilo siku hiyo, na kijana akawachorea wote.

Nirudi kwenye mchezo. Kuna kijana mmoja mkali, aliyesoma mwaka mmoja chuo kikuu, ambaye hapendi siri za meli. Alisimama akasema: kila siku Wazungu na vyombo vyao, na makasha 5,000 nani alibeba? Swali zuri, na si la ndiyo au hapana. Siku hiyo Baba Mwalimu alikuwa ameandaa hadithi ya boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizoletwa mwaka 1915 kupambana na Wajerumani. Watoto walikuwa wanaanguka kwa kicheko kwa sababu ya lile jina. Nani alizamisha adui? Mimi! Nani alipanda milima ya Mitumba? Mimi! Boti hizo zilitoka London mpaka Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume, zikavutwa porini kwa mashini za mvuke na ng'ombe, zikapanda treni tena, zikashuka Lualaba mpaka Kabalo, na treni ya mwisho ikazileta hapa ziwani. Kijana akasema: na barabara ya porini nani alikata? Baba Mwalimu akajibu kwamba ni watu wa vijiji vya njiani, mamia kwa mamia, na majina yao hakuna aliyeyaandika. Akaiacha siri pale, hakuimaliza. Waliotaka kujua mwisho wake niwaambie mimi: tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 1915 boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, ikapewa jina la Fifi.

Kesho yake Baba Mwalimu alileta siri ya Fizi, nadhani kwa ajili ya kumtuliza yule kijana. Mgeni mmoja anavuka ziwa usiku kutoka Kigoma. Yeye ndiye mkubwa wa kundi lake, lakini anaitwa Tatu. Kwa nini si Moja? Mzee wa upande wa Kibamba hakuuliza hata swali. Alisema, huyo ni yule Mkyuba wa sigara kubwa, alikuja kumsaidia Kabila baba, mimi nilikuwa kijana. Alikosea kidogo, Che Guevara alizaliwa Argentina, lakini mengine yote sawa: mwezi wa 4 mwaka 1965 alifika Kibamba, na majina yao ya siri yalikuwa hesabu za Kiswahili. Moja alikuwa Víctor Dreke. Mkubwa alijificha kwenye namba ya tatu ili asijulikane. Mwezi wa 11 mwaka ule ule aliondoka kwa njia ya ziwa, bila ushindi. Watoto walimkasirikia mzee kwa kuwaharibia mchezo. Yeye akawaambia: mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwepo.

Neno hilo lilirudi usiku mmoja ambao sikupenda uje. Ilikuwa kama saa nne. Mtu alifika mbio kwenye kambi akipiga kelele kwamba wamefika, wako karibu, milio imesikika barabarani, tokeni. Wote mnajua kinachofuata. Watoto wanavutwa kutoka usingizini, mikeka inakunjwa, sufuria linafungwa kichwani. Familia tatu zilikuwa zimeshaanza kushuka kwenda ziwani, na ziwa usiku ule lilikuwa na upepo. Kila mwaka maji haya yanakula watu wanaopanda mitumbwi iliyojaa kupita kiasi.

Msichana alisimama mbele ya yule mtu. Umewaona kwa macho yako? Hapana. Umesikia milio kwa masikio yako? Hapana. Aliyekuambia amesikia mwenyewe? Ndiyo. Ilikuwa milio mingi mfululizo? Yule mtu akaanza kueleza, msichana akamkata: ndiyo ama hapana, baba, samahani. Ndiyo. Watu wanaokaa kando ya barabara ile wamekimbia? Mtu akafikiri. Hapana, alikuwa amewapita wamekaa nje. Basi tungoje kidogo, akasema msichana, na vijana wawili wakatumwa kwenda kutazama.

Ilikuwa lori lililokuwa linashusha mabati.

Sisemi kwamba maulizo yanazuia risasi. Kuna usiku wa kukimbia bila kuuliza, na wengi wanaonisoma wako hai kwa sababu walikimbia. Baba Mwalimu mwenyewe aliniambia kwamba siku ya kwake hakuuliza kitu. Lakini usiku ule mitumbwi haikuondoka, na asubuhi watoto walikula bukari iliyobaki jana, wakiwa na usingizi, wakimcheka aliyeleta habari. Yeye naye alicheka. Jioni alikuja kucheza.

Sasa, kwa kuwa mmeomba, nawaachia siri ya wiki. Baba Mwalimu amenipa ruhusa na majibu yote ninayo. Mwaka 1940 mtu mmoja mkubwa wa kampuni anaamuru mawe ya Congo yatolewe, zaidi ya tani 1,000, yatiwe ndani ya mapipa, yavuke bahari mpaka kisiwa kimoja cha New York. Yanakaa ghalani karibu miaka miwili, na karibu hakuna anayeyataka. Mwezi wa 9 mwaka 1942 afisa wa jeshi anaingia ofisini kwake, na muda mfupi baadaye anatoka na mapatano yaliyoandikwa kwa mkono. Kwa nini mawe yale?

Si dhahabu. Hilo nalijibu sasa hivi ili tusichoshane. Na nyinyi wa Likasi na Kambove, naomba mkae kimya mpaka Jumamosi.